Parashuti chini ya kiti

Bandugu, leo niliambia mama ukweli, na ni mi nilishindwa.

Ndege yenye ndugu yangu Claude alipanda Goma ilianguka mu pori, ngambo ya mupaka.
Tangu siku ile, kila asubuhi mama anabeba triko ya Claude, sweta yake ya baridi, anaenda kumungojea ku mupaka, Grande Barrière.
"Kila abiria iko na parashuti chini ya kiti. Atarudi na miguu," anasema.

Leo nikachoka.
"Mama, ndege ya abiria haina parashuti. Chini ya kiti iko jile ya kuelea ku maji, basi."

Akakunja triko pole pole.
Bon, nikajua amesikia.

"Kule mu pori," akauliza, "iko muto?"

Nikajibu iko, tena mukubwa.

Akavaa viatu, akabeba triko, akaenda.

Kama ni nyinyi, mungesema hakuna?