Kofia za Luneta

Zuleica hajawahi kufyatua bunduki, na ukimpa moja aishike atakurudishia kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu ya riziki yake imetoka kwenye bunduki. Anashona vifuniko vya luneta, ile darubini nyembamba inayofungwa juu ya bunduki ya mwindaji ili amwone mnyama wa mbali kana kwamba amesimama mlangoni. Sisi majirani zake hapa Mocímboa da Praia tunaviita kofia. Naye anaviita hivyo hivyo.

Kazi hiyo aliletewa na mumewe. Amido ni mtu wa bara, mzaliwa wa Mueda, na zamani alikuwa mfuata nyayo katika kambi ya uwindaji upande wa mto Messalo. Msimu mmoja alirudi nyumbani na kifuniko kilichochanika, mali ya mgeni aliyekuwa akilalamika tangu siku aliyofika.

"Mama Nádia," alimwambia mkewe, "hiki kinashoneka?"

Zuleica alikigeuza ndani nje, akakitupa mezani. "Hakishoneki. Lakini naweza kutengeneza kingine."

Malighafi aliipata kwa kaka yake Momade, anayefanya kazi kisiwani Vamizi, wanakokuja wageni kuzamia na kutazama matumbawe. Nguo zao za kuzamia zikichanika hutupwa. Ni mpira laini, mnene, unaovutika. Zuleica alizikata, akazishona kwa sindano ya ngozi, ikatoka kitu kama soksi yenye midomo miwili, mmoja wa kubana kioo cha mbele na mwingine wa kubana cha nyuma.

Kofia ya kwanza aliitia vifungo vya chuma. Amido akairudisha.

"Nyati akisikia 'tak' moja tu, amekwenda. Watu wametembea tangu alfajiri, wanarudi mikono mitupu kwa ajili ya kifungo chako."

Mkewe akang'oa vifungo, akaacha ulimi mdogo wa kuvutia kwa kidole. Iliyofuata ilibana mno, mgeni akaivuta kwa mikono miwili, bunduki ikamponyoka. Zuleica akaifumua, akaanza upya. Hatimaye ikakubali: vumbi la gari halikupenya, umande haukupenya, kioo hakikuchubuka, na mkono mmoja ulitosha kuivua bila mlio wowote. Tangu hapo maagizo yakawa yanakuja kila msimu. Alishona magauni ya harusi na sare za shule, na katikati yake kofia za luneta, na hapa mtaani hakuna aliyemshangaa.

Kisha vita ikaingia mjini. Ya siku zile kila mmoja wetu ana yake, mimi nitasema ya Zuleica tu. Amido alikuwa kambini. Zuleica alitoka kwa miguu pamoja na mdogo wake Cadija, na kichwa cha cherehani amekibeba mgongoni kwa kapulana kama mtoto. Mchana, kwenye njia inayopita kati ya mikorosho, Cadija alikuwa ametangulia, ndoo ya maji kichwani. Risasi ikalia kutoka mbali. Moja tu. Cadija akaanguka na maji yakamwagika juu yake. Waliokuwa nyuma walijilaza chini wakatazama kila upande. Hawakuona mtu, wala sare, wala moshi. Mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka kwa nani.

"Sisi hatukumwona," Zuleica aliniambia tuliporudi mjini, tukiwa tunasafisha uwanja wake uliojaa magugu. "Lakini yeye alituona. Mtu wa mbali namna ile hapigi kwa kubahatisha. Aliiona ndoo. Aliona kwamba ni mwanamke. Kioo kilimwonyesha."

Hakulia aliposema hivyo. Aling'oa gugu, akalitupa ng'ambo ya ua.

Kurudi mjini hakukumrudishia Amido kazi. Kambi yake ilikuwa imefungwa, na akawa mtu wa kukaa barazani anatengeneza kiti kilichokwisha kutengenezeka. Maagizo ya kofia yalipungua, lakini hayakufa. Yalitoka kwa wawindaji wenye kibali upande wa Nangade, wanaopiga nguruwe na nyati wanaomaliza mashamba ya watu, na kwa kambi nyingine ya kusini iliyoanza tena kupokea wageni. Amido ndiye aliyekuwa akizifunga na kuzipeleka kituo cha chapa, yale mabasi madogo ya abiria.

Hapo ndipo alipotokea Zacarias. Ni mfanyabiashara anayepeleka bidhaa kwa makampuni ya gesi yanayofanya kazi zao Afungi: mchele, magodoro, mabuti. Alisimamisha gari lake mbele ya baraza, akashuka na kofia moja mkononi. Zuleica aliitambua mara moja, ni yake.

"Dona Zuleica, hii umeishona wewe?"

"Mimi."

"Safi kabisa. Nataka nyingi. Nyingi za kukutosha mwaka mzima, wewe na mafundi wengine utakaowaita."

Amido aliacha kiti chake akasogea. Zuleica aliuliza, "Ni za wawindaji wa wapi?"

"Si wawindaji. Kuna walinzi wenye silaha barabarani kule, bunduki zao zina luneta, na pwani hii unaijua, chumvi na mchanga vinaharibu kioo."

"Sishoni."

Zacarias alicheka, akidhani anapandisha bei. "Hatujazungumza bado, dona."

"Tumezungumza. Mwindaji akivua kofia yangu, anamtazama nyati. Hao walinzi wako wakiivua, watamtazama nani?"

"Wanalinda watu!"

"Wanalinda kwa kumtazama nani?"

Zacarias alimgeukia Amido, kama watu wafanyavyo wanapochoka kuzungumza na mwanamke. "Bwana, msaidie mkeo kufikiri."

Amido alisubiri mpaka gari lilipoondoka, ndipo akafungua kinywa. Nilikuwa uani kwao nimekwenda kuazima kinu, na maneno yao hayakuwa ya kunong'ona.

"Mama Nádia, wakikosa kwako watashonewa kwingine. Utakuwa umezuia nini?"

"Sijasema nitazuia. Nimesema sishoni."

"Mimi nakaa hapa kama kuku. Kazi imekuja mpaka mlangoni, unaifukuza."

"Ikija kazi nyingine, sitaifukuza."

"Na wale wa Nangade? Bunduki ni bunduki."

"Amido, wewe ulifuata nyayo za nyati miaka yote ile. Ulipata kufuata nyayo za mtu?"

Amido alitoka, na kwa siku kadhaa walikuwa wakipishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Zacarias alirudi mara mbili zaidi, na mara ya mwisho hakushuka garini. Alisema kupitia dirishani kwamba mji huu una masikio, na mwanamke anayeshona vitu vya bunduki halafu anakataa kuwashonea walinzi, watu watajiuliza anamshonea nani. Kabla ya Ijumaa iliyofuata watu walikuwa wameshaanza kujiuliza. Sokoni ilisemwa kwamba kofia za Zuleica zinaishia msituni, kwa wale waliouvamia mji. Hakuna aliyeona, lakini kila mmoja alisikia kwa mwenzake. Rehema, ambaye binti yake alikuwa aolewe, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Si mimi, dada. Ni upande wa bwana harusi."

Zuleica alimkunjia kitambaa vizuri, akampa. Kisha akaita vijana wawili wa jirani, wakaitoa meza ya cherehani chumbani na kuiweka barazani, uso kwa uso na barabara. Kuanzia siku hiyo kila kofia aliishona hapo, mbele ya kila apitaye. Akiimaliza, aliitundika kwenye msumari ukutani. Nilimwambia kwamba anawachokoza watu.

"Wanaosema najificha waje waone ninavyojificha," alisema.

Mzee Latifo, sekretário wa bairo letu, yaani kiongozi wa mtaa, aliitisha kikao darasani, katika ile shule ambayo upande mmoja bado haina mabati. Watu walijaa mpaka madirishani. Zacarias alikaa mbele, miguu imenyooshwa. Zuleica aliingia na kikapu, akamwaga kofia zake zote juu ya dawati la mwalimu.

"Hizi hapa. Shikeni."

Mwanzoni hakuna aliyenyanyua mkono. Kisha bibi mmoja akachukua moja, akainusa, akauliza kama ni ya kuvalia chupa ya chai. Watu wakacheka, zikaanza kupita mkono kwa mkono.

Mzee Latifo alisema kwa upole, maana yeye si mtu mbaya. "Mwanangu, hapa hakuna anayesema umewashonea wale. Tunachokuomba ni uache. Ushone nguo tu. Watu wapate kutulia."

"Shikamoo yako nimekupa, Mzee, na heshima yako iko palepale. Lakini nikiacha leo, nitakuwa nimekubali kwamba jana nilifanya kosa."

"Si kosa. Ni tahadhari."

"Tahadhari ya kunifunga mimi mdomo. Aliyekuja kutaka kofia za bunduki za kutazamia watu ameketi pale mbele. Nilimkataa mchana kweupe. Ndipo maneno haya yakaanza."

Zacarias aliinuka. Akaapa kwamba hajawahi kumwagiza huyu mama hata kiraka, kwamba alipita kwake kumsalimia tu. Alisema kwa sauti nzuri, na Kireno chake ni kizuri zaidi, akakichanganya. Niliona vichwa vinaanza kumkubali. Mimi nilimsikia Amido siku ile, lakini Zacarias mwenyewe nilikuwa sijamsikia kwa masikio yangu, na Zuleica alikuwa amesimama peke yake na kikapu kitupu.

Amido alikuwa nyuma, kwenye mlango. Alikuja mbele taratibu, kwa ule mwendo wake wa porini usio na kishindo.

"Alimwagiza," alisema. "Nilikuwapo. Na mimi ndiye niliyetaka tukubali. Nilimgombeza mke wangu ndani ya nyumba yangu kwa sababu alikataa. Kama kuna wa kusemwa hapa, nisemwe mimi. Yeye alikataa tangu neno la kwanza."

Zacarias alisema kwamba mume lazima amtetee mkewe, lakini alikuwa tayari anatafuta funguo za gari mfukoni. Alitoka kabla kikao hakijafungwa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuisha. Mzee Latifo alifuta uso, akasema kwamba sawa, Zacarias amesema uongo, lakini shauri lake ni lilelile: kofia ziachwe. Zuleica alianza kuziokota moja moja kutoka mikononi mwa watu na kuzirudisha kikapuni.

"Siachi, Mzee. Mkiona vyema, njooni mlichukue cherehani. Mtanikuta nimelikalia."

Hakuna aliyekwenda. Wateja wengine walirudi, wengine wamehamia kwa fundi wa karibu na soko mpaka leo, na wakikutana na Zuleica wanasalimia huku wanaangalia viatu vyao. Naye anawaitikia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Rehema alirudi na kitambaa kilekile. Zuleica alikipokea, akamwambia asubiri zamu, wa Nangade wametangulia. Harusi ilikuwa karibu, lakini alisubiri.

Zile kofia nyingi za Zacarias zilishonwa Pemba, ndivyo tulivyosikia. Amido aliposema, "Unaona, wameshonewa," Zuleica alimjibu, "Lakini si na mimi," na Amido akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Siku hizi hapeleki tena mzigo kituoni na kurudi. Anapanda chapa mwenyewe mpaka kwa wawindaji, anazivisha kofia kwenye luneta zao, anajaribu ulimi kwa kidole, na isiyokaa vizuri anarudi nayo.

Juzi juzi Amido alikuwa mgonjwa, Zuleica akasafiri yeye, nami nikamsindikiza. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani tulishushwa, mizigo ikafunguliwa. Kijana mwenye bunduki aliinua kofia moja.

"Hii nini?"

"Ya luneta. Ya mwindaji. Kibali cha mwindaji kiko kwake, nambari yake ya simu hii hapa, piga."

Alipiga, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaurudisha mfuko. Abiria walishapanda, dereva akawasha injini. Zuleica aliuchungulia mfuko, akahesabu, moja haimo, kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kibanda ambako mwenzake yule kijana alikuwa amekaa kivulini. Luneta ya bunduki yake ilikuwa imevaa kofia nyeusi yenye ulimi.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Mama, ni moja tu. Tunawalinda ninyi."

"Ivue."

Dereva alipiga honi. Mimi nilimwita. Zuleica hakugeuka. Alinyoosha kiganja na kusimama hapo, na chapa yetu ikaondoka, ikatuachia vumbi. Yule wa kivulini alimtazama, akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama barabara. Mwishowe aliivuta kofia kwa kidole kimoja, ikatoka bila mlio, akamwekea mkononi.

Zuleica aliikagua mshono, akaitia mfukoni. Tukakaa kwenye jiwe kando ya njia, tukasubiri chapa nyingine.