Wateja wa Mtoni Waliotokea Marekani

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumanne. Chausiku Mfaume anakikodolea macho kioo cha kompyuta. Mkono mmoja umeshika kipanya, wa pili umeshika kichwa.

"Hebu njoo uone maajabu," anamwambia mwandishi. "Huyu hapa ni Mudathir, ana duka Mtoni. Juzi tu kanisalimia. Mashine inasema yuko Marekani."

Kweli bwana. Vidoti vyekundu vimetapakaa jimbo la Ohio. Wenye maduka mia mbili na kumi na wanne wa Kurasini, Keko na Mtoni, wote wamevuka bahari bila pasi wala nauli. Temeke kweupe, hakuna mtu.

Chausiku, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni karani katika kampuni moja ya kusambaza sabuni na mafuta ya kupikia, yenye ghala lake Kurasini. Mshahara wake ni shilingi sitini na tano elfu kwa mwezi, mkataba wa miezi sita sita. Huu wa sasa unaisha mwezi huu wa Agosti, 1998.

Wakubwa wa kampuni, walioko Johannesburg, wanataka ramani ya wateja kwa msimbo wa posta, ile namba ya kila mtaa, ili wapange njia za malori. Wameleta disketi tatu zenye kijiprogramu cha ramani. Unakichomeka ndani ya programu ya majedwali, unakionyesha safu yenye misimbo, nacho kinachora. Ramani itoke Ijumaa. Isipotoka, kazi inapelekwa kwao, na karani hana tena cha kufanya.

"Mie nimeshapunguzwa mara moja," anasema. "Tisini na tatu, shirika letu lilipouzwa. Nilikuwaga mpiga chapa. Tuliitwa ukumbini, yakasomwa majina. Wallahi sitaki kusikia tena jina langu likisomwa."

Tatizo ni kwamba nchi hii haina misimbo ya posta. Ina masanduku. Chausiku alipoona safu ya msimbo iko tupu, akajaza namba za S.L.P. kutoka kwenye fomu za wateja. Namba ina tarakimu tano, na misimbo ya Wamarekani ina tarakimu tano. Mashine ikafurahi, ikawapeleka huko.

Mwandishi aliuliza kwa nini mashine haikujua kuwa hii ni Dar es Salaam. Chausiku akabonyeza tena; Mudathir akabaki Ohio.

Mchana akapata njia ya kukiambia kijiprogramu kwamba masanduku yale yako Posta, mjini. Akabonyeza. Vidoti vyote vikarudi nyumbani, vikarundikana mahali pamoja, kimoja juu ya kingine. Sasa wateja wote mia mbili na kumi na wanne wanaishi ndani ya jengo la posta.

"Sasa hii ndiyo nini?" Chausiku akauliza. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Akaanza kukagua fomu, moja baada ya nyingine. Maduka thelathini na manane yalikuwa na sanduku moja. Akamfuata Mudathir dukani kwake.

"Sanduku langu? La msikiti hilo, dada," Mudathir akamweleza. "Sie wote tunalitumia. Wengine wanatumia la shemeji, wengine la shule anakosoma mtoto. Nani ana sanduku lake hapa?"

"Na mtu akikutafuta anafikaje?"

"Anamuuliza mjumbe. Kwani wewe umetoka wapi?"

Hapo ndipo akili ilipomjia, kila mjumbe awe na msimbo wake, au ndivyo anavyodai, maana siku mbili zilizofuata alichanganyikiwa zaidi. Jumatano na Alhamisi alizunguka kwa miguu kwa wajumbe hamsini na wanane, kila mmoja kiongozi wa nyumba kumi, daftari mkononi, akipiga shikamoo mlango hadi mlango. Kila mjumbe aliwajua wenye maduka wake kwa majina.

Ila nyumba kumi si kumi tena. Mama Anjelina, mjumbe wa Keko anakoishi Chausiku, alihesabu zake kwa vidole vya mikono na miguu, akafika thelathini na moja. "Watu wamejenga, mwanangu. Mie nifanyeje, nibomoe?" Duka la Fakihi nalo lina milango miwili, na kila mlango una mjumbe wake. Wajumbe hao waligombea duka nusu saa nzima. Mwisho Chausiku akalipatia duka misimbo miwili, yaishe.

Misimbo aliitunga mwenyewe. Tarakimu mbili za kwanza ni kata, mbili za mwisho ni mjumbe. Akachora mipaka ndani ya kompyuta kwa kufuata ramani ya karatasi aliyoazima, kipande kwa kipande.

Ijumaa saa nane, ramani ikatoka kwenye printa. Meneja wake, Fransis, aliishika, akapitisha kidole kwenye namba.

"Hizi namba umezitoa wapi, Chausiku?"

"Nimezitunga, bosi."

"Umezitunga?"

"Posta hawana. Ningezitoa wapi?"

Fransis akaituma kwa faksi, akaenda zake.

Jibu lilikuja Jumatatu. Wakubwa wameipenda, na wanataka na ya Kinondoni, kuanzia Mwananyamala hadi Mabibo. Mkataba wa mwaka mzima. Hakuna aliyeuliza namba zilitoka wapi, na mpaka leo Fransis mwenyewe haelewi kama alidanganya au la.

Mwandishi alimkuta Chausiku akijaza fomu ya mkataba huo. Alikuwa amekwama sehemu ya anuani, kalamu imesimama.

"Miaka yote naandika sanduku la kazini kwa kaka yangu," alisema. "Nilipopunguzwa niliomba kazi bandarini. Wakaniita kwa barua. Kaka yangu alikuwa amehamishiwa Tanga. Barua imekaa miezi minne kwenye droo ya mtu. Naifungua, usaili ulishapita. Nililia, usiniulize."

Akaandika: Chausiku Mfaume, 0317, kwa mjumbe Mama Anjelina, Keko.

Fransis alichungulia, akacheka. "Dada, hiyo anuani haipo. Nani ataileta hiyo barua?"

"Ileteni nyie," alisema Chausiku. "Ramani si mnayo?"