Chupa Mbili kwa Kofia Moja

Watu husema kijicho ni ugonjwa wa maskini. Mimi sikuwa maskini. Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo Kilindini, bandari ya Mombasa, nina mshahara, nina mke, nina nyumba ya marehemu baba pale Kibokoni, na bado kijicho kilinila ndani kwa ndani kama mchwa alavyo boriti. Kilinila kwa ajili ya wiski.

Naweza kuyasema haya sasa kwa sababu wengi walionijua wametangulia. Sheria ya Mzungu ilitukataza pombe kali, na sheria ya Mungu ilikuwa imeshatukataza zamani kabla yake, kwa hiyo tulikuwa wakosaji mara mbili, mimi na rafiki yangu. Huyu rafiki tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa kiboko kimoja, na vita vilipokuja tukawa makarani katika bohari moja. Yeye alikaa Kuze, peke yake, katika chumba cha juu cha nyumba aliyoachiwa na mama yake. Hakuwa ameoa. Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku tulipanda ngazi zake, tukafunga dirisha la upande wa njia, tukanywa katika vikombe vya kahawa ili atakayetokea ghafla adhani ni kahawa. Kisha tukatafuna karafuu mpaka ndimi zikafa ganzi.

Kuipata wiski haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuipata nzuri, kwa bei ambayo karani angeitoa bila watu wa nyumbani kulala na njaa. Mimi nilinunua kwa mtu mmoja nyuma ya maghala, mtu ambaye hata ukimkopesha salamu hairudishi. Chupa zake zilikuwa na karatasi nzuri za wiski ya Uskochi, na ndani kitu kilichopakwa rangi kwa sukari ya kuungua. Kilishuka kooni kikikwaruza, na kesho yake kichwa kiligonga mpaka adhuhuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yule hakuwahi kusifiwa na mtu na bado alitia.

Basi Jumamosi moja, mwaka mmoja hivi kabla ya vita kwisha, rafiki yangu akatoa chupa yake mwenyewe. Ilikuwa wiski ya Kimarekani ya mahindi, baboni. Niliionja, nikaionja tena. Ilikuwa na utamu wa sukari guru, na harufu ya mbao mpya za seremala, na ilipofika kifuani ilitulia kama mgeni mwenye adabu. Jumamosi iliyofuata akatoa nyingine, ya rai, nafaka ya kwao inayofanana na ngano. Hiyo ilikuwa kali zaidi, ina pilipili manga kwa mbali, na ndiyo niliyoipenda kupita zote nilizopata kunywa maishani mwangu.

Nikamuuliza ameitoa wapi, akajibu kwamba riziki haina njia moja. Nikamuuliza kwa bei gani, akacheka, akasema karibu na bure. Neno hilo la bure ndilo lililoniua. Kila Jumamosi alinimiminia kwa mkono wazi, hakunipunja hata tone, nami kila alivyozidi ukarimu ndivyo nilivyozidi kumchukia. Ningependa aninyime. Mtu akikunyima una haki ya kununa.

Nikaanza kumfuata. Mchana mmoja wakati wa chakula nilimwona karibu na lango la bandari, mkononi ana chupa mbili za achari ya maembe. Alikuwa akiipika mwenyewe kama alivyofundishwa na mama yake, na mji mzima hapakuwa na achari kama ile. Akaja mpishi wa meli ya Kimarekani, pande la mtu, akafungua, akachovya kidole, akafumba macho. Kisha akamtolea chupa ndani ya gunia la unga. Kumbe ndiyo bei yenyewe: achari.

Mimi achari siwezi, na nikimwambia mke wangu anipikie, ataniuliza ni ya nani. Lakini nilikwisha kuapa kwamba Jumamosi haitapita nikinywa cha mtu mwingine. Siku ya pili, Jumamosi yenyewe, nikaenda kwa yule mpishi mikono mitupu, tukaelewana kwa vidole na kwa Kiingereza changu cha mizigo. Akaniangalia juu hadi chini, akanyoosha kidole kichwani kwangu.

Nilikuwa nimevaa kofia ya vito. Asiyejua atasema ni kofia tu. Ni kitambaa cheupe cha bafta kilichotobolewa vitundu vidogo vidogo kwa mamia, ndivyo vito vyenyewe, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja. Mke wangu aliishona miezi minane, akanivisha asubuhi ya Idi. Kila mwanamke ana mkono wake katika vitundu vile, na watu wa mtaani huujua mkono huo kama wanavyoijua sauti ya mtu. Haya yote niliyajua. Nikavua kofia nikampa, nikapewa baboni moja na rai moja, na njia nzima kwenda Kuze nilitembea kichwa wazi nikijiona sultani.

Rafiki yangu aliniuliza nimetoa nini, nikamwambia ndimu. Tukanywa. Wiski ilikuwa nzuri, sisemi uongo, na nzuri zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgeni wangu siku ile.

Alhamisi mke wangu akaitaka kofia aifue na kuitia wanga kwa ajili ya Ijumaa. Hapo nikafanya kosa. Nilisema nilipokuwa nikitawadha nimeiweka ukingoni mwa birika la msikiti, na nilipogeuka sikuiona. Nilidhani atasikitika na yataisha. Nilisahau naishi wapi. Mkono ule ulijulikana, na kofia kama ile haipotei hivi hivi. Kabla ya magharibi wanawake walikwisha kupelekeana habari nyumba kwa nyumba, na Ijumaa baada ya sala imamu akasimama akatangaza kwamba aliyechukua kofia ya ndugu yetu kwa kusahau airudishe. Nilikuwa safu ya tatu. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyedhulumiwa.

Kufikia Jumamosi macho ya watu yalikuwa kwa mzee aliyefagia msikiti na kujaza birika. Hakuna aliyemtuhumu mbele yake, lakini salamu zilipungua, na mtu mmoja barazani alisema kwamba umaskini hauaminiki. Mzee yule alinifuata mpaka mlangoni kwangu, akaniapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakuigusa. Nikamwambia najua. Sikumwambia najuaje. Nilikuwa na ulimi wa kumwondolea aibu mzee wa watu, na sikuutumia, kwa kuogopa yangu.

Jumapili alasiri rafiki yangu akabisha hodi. Baraza ilikuwa imejaa. Alikuwa na kofia yangu mkononi, imefungwa katika gazeti, akasema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyeichukua pale birikani akidhani ni yake, naye ameona haya kuirudisha. Watu wakamcheka. Kapera kofia ya vito kashonewa na nani, mmoja akauliza. Akacheka pamoja nao, kisha akatoka akaenda kumwomba radhi mfagiaji, ambaye yeye hakuwa amemkosea chochote.

Nilimkuta baadaye ngazini kwake. Akanieleza kwamba aliiona kofia kichwani mwa mpishi pale langoni, akaijua mara moja. Mpishi alikataa achari. Alitaka kurudishiwa chupa alizotoa. Rafiki yangu akampa mbili alizokuwa akiziweka, na meli ikaondoka asubuhi ile.

"Basi wiski sinayo tena," akaniambia. "Na uwivu wangu nikwambie: miaka yote hii naionea kofia yako. Mimi sina wa kunishonea."

Nilipaswa kumkumbatia. Badala yake nilikasirika. Alikuwa amenishinda kwa wiski, sasa ananishinda kwa wema, na wema hauna lango la kuufuata ukajua unatoka wapi.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshika kofia karibu na dirisha. Ilikuwa imetanuka, nyuzi mbili tatu zimekatika. Akainusa.

"Yanuka mafuta ya jikoni, na nywele za mtu nisiyemjua," akasema. "Sitaki kujua ilikwenda wapi. Lakini mwenzio amekusitiri, nawe kila akitajwa uso wakubadilika."

Akasema pia kwamba atamshonea ya kwake, na mimi ndiye nitakayeipeleka. Nikasema macho yake yatachoka. Nikasema bafta siku hizi za vita haipatikani. Akanipa uzi mweupe, akanituma nikampime rafiki yangu kichwa na nifunge fundo pale uzi unapokutana.

Nikaenda nikampima. Alitulia kama mtoto anyolewaye, anatabasamu. Na njiani, penye kona ya kutokea Kuze, nilifungua lile fundo nikalifunga upya, nusu kidole ndani. Nilitaka impande juu ya utosi, watu wamcheke. Mtu mzima, mwenye ndevu, nimesimama njiani napunguza kichwa cha rafiki yangu.

Miezi minane nilikaa nikisikia sindano ile ikitoboa. Vito vilikuwa vidogo kuliko vyangu, na vimepangwa vizuri zaidi, na sikuwa na wa kumlalamikia. Vita vilikuwa vimekwisha, meli za Kimarekani zimepungua, nasi Jumamosi tulikuwa tukinywa kahawa kweli katika vikombe vile vile. Siku kofia ilipokwisha niliichukua kwa mikono yangu miwili mpaka Kuze. Rafiki yangu akanawa mikono kwanza, ndipo akaivaa. Nikangoja.

Ilimkaa sawasawa. Hata unywele mmoja haukubanwa.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anachagua mchele, akaniuliza imemwenea? Nikasema imemwenea. Hakuniinulia macho.

"Nalijua utaupunguza uzi," akasema, "nikaongeza."