Pini Zilizoshika Mno

"Bodi iliyopita mkononi mwangu hairudi kiwandani. Ikirudi, nitaitafuna kwa mchuzi wa dengu mbele yenu wote!"

Hayo aliyasema Akka Valli kwenye kipaza sauti, katika sherehe ya mwaka ya kiwanda chetu cha bodi za elektroniki, baada ya kupokea zawadi ya mfanyakazi bora, ambayo ilikuwa blenda. Watu wakapiga meza. Bosi Ooi, meneja wetu wa uzalishaji, alipiga makofi kwa bidii ya mtu ambaye bia halipii yeye.

Jina lake kamili ni Pushpavalli, lakini kwenye viwanda vyote vya Bayan Lepas, kisiwani kwetu, Mchina, Mmalei na Mtamil mwenzake, tulimwita Akka, dada mkubwa. Aliingia kiwandani akiwa msichana wa nywele za msuko mmoja, wakati nyuma ya ukuta bado kulikuwa na mashamba ya mpunga. Alipewa pasi ya kulehemu, na tangu hapo hakuiachia. Tone lake la lehemu lilikaa kwenye bodi, duchu, jembamba, linang'aa, kama limezaliwa pale. Vijana wakiajiriwa walipelekwa kwanza kumtazama. Nami nilipelekwa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi kabla stashahada yangu haijaiva, nikadhani najua kulehemu. Alitazama kazi yangu akaniuliza, "Thambi, hii umelehemu au umeipigia chafya?"

Thambi maana yake ni mdogo wangu. Aliwaita hivyo hata wanaume wenye wajukuu.

Halafu zikaja hizo pini. Mteja wetu wa Ujerumani alitaka bodi za magari ambazo pini zake hazilehemiwi. Zinasukumwa tu na mashine ndani ya matundu ya bodi, basi. Pini yenyewe katikati ina tumbo lililotobolewa, kama jicho la sindano. Tumbo ni pana kuliko tundu. Ukilisukuma linabanwa, linataka kujitanua, na huko kutaka kujitanua ndiko kunakoishikilia pini. Mimi hilo lilinipendeza sana. Akka alizigeuza zile pini kiganjani kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Inashikwa na nini?"

"Inajishika yenyewe, Akka."

"Hata mtoto hajishiki mwenyewe kwenye pikipiki, thambi."

Hata hivyo alifanywa mkuu wa mstari mpya wa uzalishaji. Zuraimi, kijana wa ndevu nyingi na kazi chache, alikaa kwenye mashine ya kusukuma pini. Meza ya Akka ilikuwa ya mwisho, ya marekebisho, kwa sababu kwenye bodi hizo bado kulikuwa na vipuri vingine vya kulehemu. Mimi nilikuwa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuchukua bodi chache, kuzing'oa pini kwa kifaa na kusoma zimeng'oka kwa nguvu kiasi gani.

Miezi michache tu, bodi zikarudi.

Bosi Ooi akatukusanya asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. "Mteja amepima," alisema. "Nguvu ya kung'oa pini iko nje ya kipimo. Wageni wanakuja kukagua. Akka, wewe ndiye mkuu wa mstari. Ukishindwa kupata tatizo kabla hawajafika, ile meza unaiacha. Nakupeleka stoo ya maboksi."

Stoo ya maboksi haina meza wala pasi. Ina gundi ya karatasi na feni moja inayozungukia ukuta.  Akka alishika ukingo wa meza yake kama mtu aliye kwenye feri.

Zuraimi hakuweza kujizuia. "Akka, dengu tuloweke leo au kesho?"

"Loweka leo. Na hizo ndevu zako tutazikatia juu badala ya giligilani."

Tulicheka, ila kicheko kiliisha upesi. Nikaenda kung'oa pini zangu. Zote nzuri. Nikachukua nyingine, nzuri. Nikabadilisha kifaa, nikabadilisha hata kiti. Nzuri. Nikampelekea Bosi Ooi majibu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayezifanya ziwe nzuri ili kumkomoa. Zuraimi alisema labda ni unyevu wa melini. Mtu wa ghala akasema labda ni Wajerumani. Akka alikaa mezani kwake ameinama chini ya taa yenye kioo cha kukuza, hapigi soga, hatoki hata kunywa chai. Nilimwonea huruma. Nikamnunulia roti, chapati ya huku kwetu, ikapoa kando ya pasi.

Mzigo uliofuata ulikwenda, nao ukapimwa huko. Hali mbaya zaidi. Safari hii mhandisi wa mteja, badala ya kuja, alitaka tuonane kwenye skrini. Tukakaa chumba cha mikutano, Akka katikati, amejipaka jivu jipya la ibada kwenye paji la uso.

Bosi Ooi akaanza kuomba radhi. Aliomba vizuri, kwa mpangilio. Alipofika kwenye ahadi ya kuziimarisha pini, yule Mjerumani akainua mkono.

"Kuziimarisha? Tafadhali msiziimarishe. Hazing'oki."

"Samahani?"

"Hazing'oki. Zimeshika mno. Kifaa chetu kimevunjika."

Bosi Ooi alinigeukia, akanong'ona, "Anasema nini huyu?"

"Anasema zimeshika mno, bosi."

"Nimesikia. Nakuuliza anasema nini."

 Katika maisha yake yote Bosi Ooi alikuwa amepokea malalamiko ya vitu vilivyolegea, vilivyokatika, vilivyodondoka. Aliposoma "nje ya kipimo" hakuhitaji kuuliza upande upi. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikiwemo. Akka alikuwa ametazama skrini, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeambiwa amenyimwa kazi kwa kuwa na afya njema.

Nilichukua bodi mojawapo iliyorudi, nikaikata ubavuni penye pini, nikaisugua hadi ikawa laini, nikaiweka chini ya hadubini. Lile jicho la sindano halikuwepo. Lilikuwa limejaa metali ya rangi ya fedha. Lehemu ilikuwa imefyonzwa ndani ya tundu hadi tone la mwisho, juu haionekani hata kidogo. Nikakaa nikitazama kazi safi ya namna ile, na kisiwa kizima kulikuwa na mkono mmoja tu wa kuifanya. Pini zangu mimi nilikuwa nazichukua kwa Zuraimi, maana maabara iko jirani naye. Mteja alipata zilizokwisha kupita kwa Akka.

Nilimkuta mezani.

"Akka, umetia lehemu kwenye pini?"

"Nimetia." Akajinyoosha. "Mbona unauliza kama trafiki?"

"Zote?"

"Mwanzo nilitia kidogo tu, zisiende mbali bila kushikwa. Bosi aliposema zinang'oka, nikaongeza."

"Hakusema zinang'oka."

"Sasa malalamiko mengine ya pini ni yapi, thambi?"

"Haya. Zimeshika mno."

Aliweka pasi kwenye kishikio chake, taratibu. "Mno," alisema. "Mimi tangu naanza kazi natafuta kitu kishike mno."

Nikamweleza. Kwamba gari linatikisika, bodi inapata joto na kutanuka, na lile tumbo la pini linatakiwa licheze nayo kidogo, likiachia na kubana, kama watu waliosongamana kwenye benchi. Ukilijaza lehemu linakuwa kijiti kikavu, siku moja linapasua ukuta wa tundu.

"Kwa hiyo ishike, lakini isishike."

"Ibane. Isigande."

"Na wewe umeelewa?"

"Nusu."

"Nusu ile uliyosoma chuoni au ile uliyoikimbia?"

Alikwenda mwenyewe kwa Bosi Ooi. Nilikuwa mlangoni. Bosi alimsikiliza, akavua miwani, akaivaa. "Akka, nikuadhibu kwa kosa gani? Nikiandika umeifanya bodi kuwa imara, makao makuu watanipima mimi akili." Mwishowe aliona aibu mbele yake, na adhabu ya stoo akaifuta. Pasi ndiyo ikaondolewa. Akka akahamishiwa mashine ya kusukuma pini, Zuraimi akapelekwa kwingine na ndevu zake.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, maana mashine ile haina ugumu. Unaweka bodi, inashuka, taa ya kijani inawaka, unaisukuma mbele. Akka aliweka, ikashuka, taa ikawaka, na bodi akabaki nayo. Aliigeuza. Aliitikisa kando ya sikio. Aliziweka pembeni, moja juu ya nyingine, na mstari mzima ukawa umesimama tukimtazama.

"Akka, mashine imesema sawa," Bosi Ooi alimwambia, kwa upole.

"Mashine imesema. Mimi sijasema."

"Basi sema."

"Nitasemaje, bosi? Sioni kilichoishika."

Bosi akatazama zile bodi, akanitazama mimi, kana kwamba naweza kumwonyesha. Ningemwonyesha nini? Nguvu haionekani. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba basi ni mashine hii au maboksi, achague. Akka akafungua kamba ya mkononi inayozuia umeme, akalikunja joho lake la kazi la buluu mara mbili, akaliweka juu ya bodi alizokataa kuziachia. Basi la wafanyakazi lilikuwa halijafika. Aliondoka kwa miguu.

Sasa yuko Relau, mtaa wa jirani, chini ya jengo la ghorofa analoishi, kando ya mashine za kufulia za sarafu. Ana meza ya kukunja na pasi yake mwenyewe. Nilimpelekea feni ya mama, waya umekatika ndani. Nilimkuta na foleni, majiko ya umeme ya kupikia wali na redio magotini mwa watu.

"Akka, zile pini umeshazielewa?"

"Hapana. Na wewe?"

"Hapana."

"Leta feni."

Aliifungua, akagusa mara moja, moshi mwembamba ukapanda, akauvuta ule waya kwa nguvu zake zote. Haukutoka. Akanirudishia.

Nikalipa: kulehemu waya wa feni kwake ni ringgit nane.