Nta kwenye Siti Nyekundu

Mume wangu anafuga nyuki hapa Mitundu, na kwa kila kitu kinachoharibika nyumbani dawa yake ni moja: nta. Siti ya baiskeli yetu ni ya ngozi, ya zamani, na ilikuwa imepauka mpaka inatia aibu. Nikanunua rangi nyekundu kwa fundi viatu, naye akaipaka, ikapendeza kweli. Shida ikawa rangi kunishika kwenye nguo. Mtu mwingine angepaka kiwi juu yake. Mume wangu akachukua nta mbichi, ina asali bado, akaisugulia kwa kitambaa. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wanamsema yeye.

Kesho yake nikampakia binti yetu kwenye keria, tukaenda kumsalimia bibi yake. Mwaka jana nyuki mmoja tu alimuuma mtoto huyu, akavimba midomo, pumzi zikawa za kuvuta. Muuguzi alituonya kwamba siku nyingine anaweza asiwahi kufika zahanati. Tangu hapo mizinga yote iko mbali porini.

Njiani mnyororo ukachomoka. Nikaegemeza baiskeli kwenye mti, mtoto akiwa juu, nikainama kuurudisha. Jua lilikuwa kali, ile nta ikayeyuka, harufu ya asali ikanijaa puani. Kiangazi kile huko porini hapakuwa na ua hata moja, nyuki walikuwa na njaa. Nilipoinua kichwa, siti ilikuwa imejaa nyuki, na uso wa mtoto uko palepale nyuma yake.

Nilitamani kumnyakua nikimbie, lakini mke wa mfuga nyuki anajua: ukirusha mikono, umekwisha.

"Tulia, mama," nikamnong'oneza binti. "Fumba macho. Usipunge mkono."

Nyuki wawili walikuwa wanatembea kwenye kidole chake. Nikasubiri mpaka wakaruka wenyewe. Ndipo nikampitishia mikono kwapani, nikamwinua taratibu, nikarudi naye kinyumenyume. Baiskeli tukaiacha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nikamsimulia mume wangu, akacheka.

"Si hamjaumwa? Basi hata nyuki wameipenda rangi yako."

Nilitaka kumtukana, binti yetu akaniwahi.

"Baba, mama alikuwa ananiaga."

Kwaheri nilimpa moyoni pale mtini; sikujua kama nilikuwa nimetoa sauti.