Ndeshi Aomba Radhi na Basi

Ndeshi alikuwa mkali kama pilipili, na mimi jirani yake nilimpenda kwa hilo. Tangu alipoolewa alibeba ndizi kichwani kutoka shambani kwake mlimani hadi soko la Arusha, mpaka shingo ikakakamaa na goti likaanza kumsumbua. Kisha Elinaza akaleta basi lake kuukuu, likawa linapanda kutoka Maji ya Chai hadi kwetu na kutupeleka sokoni, na Ndeshi akapumzika.

Raha haikudumu. Masika yalipoanza, Elinaza alisema wazi kwamba nauli haitoshi mafuta wala matairi kwenye matope yale. Asiposaidiwa, basi litabaki barabara kuu. Baraza la Wameru lilikubali kumsaidia kwa kodi yetu wenyewe. Lakini idhini ilikuwa ya Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya, naye akakataa. Eti serikali haifugi mabasi ya watu!

Ndeshi alisimama mbele ya mkutano mzima. "Bwana DC, wewe hata kofia yako unabebewa. Utajuaje uzito wa mkungu?"

Wazee waliinamisha vichwa. Mangi, chifu wetu, akamwamuru aombe radhi. Nasi tunajua radhi inavyoombwa: unachuma jani la isale, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea, ugomvi umekufa, wala hawezi kuufufua.

Mkutano uliofuata, Ndeshi akamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Nimekosa, Bwana DC. Pokea isale yangu, ugomvi wetu wa basi uishe."

Yule bwana alidhani ni zawadi tu. Akalipokea, akalichomeka kwenye kofia. Wanawake tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

"Wanashangilia nini?" akauliza.

"Umepokea, Bwana," Mangi akamjibu. "Ugomvi wa basi umekwisha. Ukimnyima hilo basi sasa, umelitupa jani mbele ya watu, na mtu wa namna hiyo hapa haaminiwi tena."

DC alilitoa jani, akalitazama, akamtazama Ndeshi, ambaye usoni hakuwa na majuto hata chembe. Akacheka, akatia sahihi idhini ya basi. "Kwa masika haya tu," alisema. Hata yeye, nadhani, hakuyaamini maneno yake.

Siku ya soko, mvua ikipiga, mikungu ilifungwa juu ya basi na Ndeshi akakaa kando yangu. Kabla ya Tengeru alikuwa anakoroma. Tulipofika Kimandolu nikamtikisa, nikamwambia aangalie, tunaingia mjini.

"Niache, mwenzangu," akasema bila kufumbua macho. "Njia hii nimeiangalia vya kutosha."