Injini ya Gari la Mkate

Mbio zile nilizijua kwa moyo, na Italia sijafika. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kule Mbaraki, kwenye gareji ya mzee mmoja wa Kitaliano, na kila jioni alinirudilia hadithi ya mzee huyo huku mimi nanyonyesha. Baada ya vita, kwao kulikuwa na mashindano ya vijana: vigari vyembamba vya kiti kimoja, na sharti injini itoke kwenye gari la kawaida la barabarani. Mzee, kijana wakati huo, alishusha injini ya gari la mkate la ami yake. Jumapili akashindana, akawa wa pili. Jumatatu injini ikarudi, mji ukala mkate.

"Na Jumapili walikula nini?" nikamuuliza.

"Wewe huna raha," akasema.

Kigari chenyewe, mzee alikuja nacho, kilikuwa garejini, tumbo tupu, bila injini. Mzee alishaanza kuugua, ataka kukisikia kikinguruma tena. Mume wangu akaona dawa iko kwetu: gari letu dogo, la Kitaliano vilevile, lililokuwa likimpeleka mwanangu hospitali pumu ikimbana. Akashusha injini, akalifunika gari turubai. Mimi hakuniambia.

Mchana mmoja mtoto akabanwa. Mavyaa, mama wa mume wangu, akakimbilia simu ya dukani kumwita mwanawe. Mimi nikamwomba jirani atuendeshe. Akazungusha ufunguo, wapi. Tukafungua boneti. Ungeweza kumlaza mtoto mle ndani.

Mara mtaa wetu mzima wa Kibokoni ukasikia ngurumo. Mume wangu huyo, amekaa ndani ya kile kigari, uso mweusi kwa oili, watoto wa mtaa nyuma yake wakishangilia.

"Haya, twendeni," akasema.

Nikakitazama kile kiti kimoja. "Tukae wapi? Mfukoni mwako?"

Mavyaa, aliyemtetea mwanawe siku zote, akamwambia polepole, "Shuka, baba. Usiseme neno. Shuka tu."

Tukapata teksi barabarani. Hospitali wakamvutisha mtoto dawa ya mvuke, kifua kikafunguka. Mume wangu akafika kwa miguu.

"Yuaje mtoto?"

"Apumua. Nenda karudishe injini."

"Mzee hajakaa ndani ya kigari bado, hata mara moja..."

"Nenda."

Akaenda. Hasira nilikuwa nayo tele, ila sikuwa na nguvu ya kuibeba pamoja na mtoto. Nikalala nimekaa, kwenye benchi.

Asubuhi alikuja na gari, injini mahali pake, macho mekundu. Akanifungulia mlango wa mbele. Nikapanda nyuma.